SOMO: RANGI YA KUDUMU KWA CHASISI YA LAND ROVER YA ZAMANI

Land Rover za kwanza zilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1948, na zile za Mfululizo wa Tatu zilikoma kutengenezwa mwaka 1985. Gari la namna hiyo ambalo bado ni mali ya chama ni kongwe, lakini huweza kufanya kazi miaka mingi endapo chasisi yake itatunzwa. Bodi yake ni ya alumini, kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo nchini humo. Chasisi ni ya chuma. Hapo ndipo kamati nyingi hudanganyika: bodi haina kutu, huku mihimili inayobeba injini, wanachama na magunia ikiliwa chini kwa chini. Tena huliwa kutokea ndani, kwa sababu mihimili hiyo ina uwazi katikati, na tope likiingia humo hukaa na unyevu.

Kabla ya kununua rangi, fundi aigonge chasisi yote kwa nyundo ndogo, hasa boriti ya nyuma na mahali springi zinaposhikiwa. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa sauti ya kufa au hutoboka. Palipotoboka pakatwe na kuchomelewa chuma kipya. Kupaka rangi juu ya tundu ni kuficha hatari, na gari likikatika njiani na mzigo, hakuna rangi itakayojibu.

Kinachofuata ni usafi, na ndio unaoamua maisha ya rangi kuliko jina lililoandikwa kwenye kopo. Grisi iondolewe kwa sabuni na maji ya moto. Vumbi la mbolea lisuuzwe kabisa, maana ni chumvi na huharakisha kutu. Kisha kutu ipigwe brashi ya waya na msasa, au mchanga wa mashine pale unapopatikana. Rangi kuukuu huenda ina risasi, ambayo ni sumu. Isuguliwe ikiwa imeloweshwa, na watoto wasiwe karibu.

Desturi ya kupaka oili chafu haifai. Huchelewesha kutu kidogo, lakini huozesha mipira, hukusanya vumbi, na siku rangi itakapotakiwa haitashika.

Praima yenye zinki ni kinga bora, kwa kuwa zinki huliwa badala ya chuma. Hata hivyo ni lazima iguse chuma kitupu; juu ya kutu au rangi ya zamani ni fedha iliyopotea. Pale ambapo chuma hakikusafishika hadi kung'aa, ichaguliwe praima ya epoksi iliyotengenezwa kwa chuma cha namna hiyo. Juu yake ipakwe epoksi ya makopo mawili, mikono miwili, ambayo huvumilia oili, chumvi na mawe. Jua huifanya itoe unga, lakini chini ya gari jua ni dogo. Rangi ya unga inayookwa hupendeza sana. Ila ikibanduliwa na jiwe, maji hupenya chini yake na kutu hutambaa bila kuonekana. Kwa barabara za changarawe si chaguo la busara.

Epoksi ichanganywe kwa kipimo cha kiwandani, si kwa kukadiria, na isipakwe asubuhi chuma kikiwa na umande. Katibu anapolinganisha ankara kifani, aulize kopo moja hufunika mita ngapi za mraba kwa unene unaotakiwa. Kopo rahisi huweza kuwa ghali.

Ndani ya mihimili brashi haifiki. Humo inyunyiziwe nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, baada ya kuoshwa na kukauka kabisa. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi, yazibuliwe kwa waya kila baada ya masika, na nta iongezwe panapoonekana pakavu.