Kura ya Maoni: Swali Moja, Mambo Mengi



Mbunge akikuudhi, unangoja miaka 5 unamtoa. Katiba ni mambo mengine, wajukuu wataikuta.

Mwaka 2005 tulipewa ndizi na chungwa, mwaka 2010 kijani na nyekundu. Basi ubishi sokoni ukawa wa matunda na rangi, na karatasi yenyewe haikusomwa na wengi.

Ugumu ni huu. Ndani ya Katiba ya 2010 kuna Kifungu cha 65: asiye raia hapati ardhi ila kwa kukodi, mwisho miaka 99. Kwetu Taita Taveta, penye mashamba makubwa ya mkonge, hilo si jambo dogo. Lakini humo humo kuna Kifungu cha 26 kinachogusa utoaji mimba, ambacho maaskofu wetu walikipinga. Huwezi kutia alama ya Ndiyo huku na Hapana kule. Lazima upime mwenyewe lipi ni zito.

Tena Hapana nayo ina bei. Mwaka 2005 Hapana ilishinda, tukabaki na katiba ya zamani hadi Agosti 2010. Kwa hivyo ulizeni pia: tukikataa, tunabaki na nini?

Kazi ya mkutano ujao: mwanachama mmoja asome Kifungu cha 65 kwa sauti, polepole. Mwingine akieleze kwa Kitaita. Kisha mjadiliane: shamba lililo karibu nasi limeshikwa na nani, na kwa miaka mingapi?