Floraidi Ibaki Juu ya Jino, Isiingie Tumboni: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi



Kama unaishi Arusha, Kilimanjaro au Manyara, bila shaka unamjua mtu mwenye meno ya kahawia, na umesikia kwamba chanzo ni floraidi iliyomo majini. Kisha unafika dukani, unakuta boksi la dawa ya meno limeandikwa floraidi. Umnunulie mtoto au uiache? Mnunulie. Kijitabu hiki kinaeleza kwa nini, na namna ya kuitumia.

Jino hutobokaje?

Juu ya meno huishi bakteria. Mtoto akila pipi, akinywa soda au chai yenye sukari, bakteria hula sukari hiyo na kutoa asidi inayomomonyoa gamba gumu la jino. Mate hurudisha madini yaliyopotea, lakini mtoto anayeonjaonja vitamu kutwa hayapi mate nafasi. Dalili ya kwanza ni baka jeupe karibu na ufizi. Likipuuzwa huwa tundu, na tundu huleta maumivu ya kumkosesha usingizi.

Floraidi ikigusa jino huyasaidia madini kurudi na kuliimarisha gamba dhidi ya asidi. Baka jeupe laweza kupona. Tundu haliponi kwa mswaki. Mpeleke kwa daktari wa meno.

Meno ya kahawia hutokana na nini?

Hutokana na floraidi nyingi iliyomezwa wakati meno yanajengeka ndani ya ufizi. Baadhi ya vyanzo vya maji kuzunguka Mlima Meru vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Hatari ni kubwa kabla mtoto hajatimiza miaka 8, hasa miaka michache ya mwanzo. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huongeza floraidi.

Usidhani meno ya kahawia hayatoboki. Nayo yanahitaji mswaki.

Namna ya kupiga mswaki

1. Anza jino la kwanza linapoota, mara nyingi karibu na miezi 6.
2. Chagua dawa yenye floraidi ppm 1,000 hadi 1,500. Soma boksi.
3. Chini ya miaka 3, weka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Kamua wewe mwenyewe. Mtoto asiachiwe tyubu.
4. Piga mswaki mara mbili kwa siku. Wa usiku usikose, na baada yake mtoto asile kitu.
5. Ateme povu, asilimeze. Asisukutue kwa maji, ili floraidi kidogo ibaki juu ya meno.
6. Msaidie mpaka afike miaka 7 au 8.

Akikaribia miaka 6, chungulia nyuma kabisa ya kinywa. Gego la kudumu huota hapo bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhania la utotoni. Likioza na kung'olewa, halioti jingine.

Kama maji yenu yana floraidi nyingi

- Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi.
- Maji safi ya mvua, au ya chanzo kilichopimwa, yawe kwanza ya mtoto: ya kunywa na ya kupikia uji.
- Mkaa wa mifupa uliotengenezwa kitaalamu huchuja floraidi. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimeufanyia utafiti kwa miaka mingi.
- Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, floraidi inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana.
- Usitie magadi kwenye chakula cha mtoto.
- Usimpe vidonge vya floraidi. Muulize daktari wa meno kama mtoto anafaa kupakwa floraidi ya kliniki.

Maji yanayomfaa mtoto huenda yakachukua muda kupatikana kijijini kwenu. Mswaki hauna haja ya kusubiri: usiku huu, kabla hajalala, mkalishe karibu na taa, mpige mswaki, kisha mwambie ateme.