Moyo wa Mwanaanga na Ruhusa ya Msafiri

Bismillahi.

Tukisoma mlango wa saumu ya msafiri, mifano mingi ni ya ngamia na jangwa. Leo nachukua mfano wa angani, kwa sababu nasikia baadhi yetu wakimcheka mwenzao aliyefungua ndani ya basi akirudi nyumbani likizo, eti safari ya siku hizi haina mashaka.

Hapa ardhini mvutano wa dunia huivuta damu kuelekea miguuni, na moyo umezoea kuisukuma irudi juu. Katika kituo cha anga mwili hauhisi uzito. Damu hupanda kifuani na kichwani. Uso huvimba, miguu hukonda. Mwili hudhani maji yamezidi, basi huyapunguza, hata maji ya damu hushuka kwa kama asilimia 10 hadi 15. Moyo nao husinyaa kwa kukosa kazi. Scott Kelly wa Marekani alikaa huko siku 340, mwaka 2015 hadi 2016, akifanya mazoezi karibu kila siku, lakini misuli ya chumba kikuu cha moyo wake ilipungua kwa takriban robo. Moyo uliendelea kufanya kazi vizuri.

Ugumu zaidi uko katika kurudi. Mwanaanga akisimama, damu huteremka miguuni, shinikizo la damu hushuka, naye huona kizunguzungu, wapo wanaozimia. Ndiyo maana kabla ya kutua hunywa maji mengi pamoja na vidonge vya chumvi.

Je, aliyefunga afanyeje? Maulamaa wanatenganisha illa ya hukumu na hekima yake. Illa ya ruhusa hii ni safari yenyewe. Hekima ni kuondoa mashaka. Kwa hiyo msafiri halazimiki kuthibitisha kwamba ameteseka, na hapo ndipo wacheshi wa basi wanapokosea. Mwanaanga ni msafiri tangu roketi iruke.

Ubora ni suala jingine. Kwa Mashafii, kufunga ni bora kwa msafiri asiyedhurika. Kwa Mahanbali, kufungua ndiyo bora. Sultan bin Salman wa Saudi Arabia aliruka Juni 1985, Ramadhani ikielekea ukingoni, naye alifunga. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia, aliyeruka Oktoba 2007 katika siku za mwisho za Ramadhani, aliandaliwa mwongozo na maulamaa wa nchi yake: afunge akiweza, au alipe arudipo. Sultan Al Neyadi wa Emirati, aliyekaa miezi sita mwaka 2023, alieleza kabla ya kuondoka kwamba yeye ni msafiri na kufunga si lazima kwake.

Naona wote watatu wana hoja. Lakini siku ya kutua ni tofauti. Kukataa maji yale ni kujiingiza katika madhara yanayojulikana, na hata Mashafii hapo hawasemi tena kwamba kufunga ni bora. Akihofia madhara makubwa, kufunga kunakuwa haramu. Atakunywa, atalipa siku nyingine. Na ikiingia adhuhuri akiwa bado hawezi kusimama bila kuanguka, ataswali ameketi, na swala yake ni kamili.

Wallahu a'lam.