Mbia wangu wa Guangzhou hataki jina lake lionekane

*Nina duka la vyombo vya jikoni Mtaa wa Aggrey, Kariakoo: hotpoti, chupa za chai, masufuria. Mzigo nachukua kwa Mchina mmoja wa Guangzhou, miaka sasa, na hatujawahi kugombana. Juzi kanipa wazo tuungane. Yeye alete makontena matatu kwa mali kauli, mimi nitoe duka, stoo na wateja, faida tugawane nusu kwa nusu. Kampuni na leseni viwe kwa jina langu peke yangu, halafu tuandikishane karatasi pembeni kwamba nusu ni yake. Anataka pia mpwa wake akae kaunta. Mume wangu anasema nitamezwa. Mimi namwona mtu mwema. Nitajuaje kama ni wa kuaminika?*
*Mwenye duka, Aggrey*

Wema wake tuuweke kando kwanza. Kinachonitisha ni hiyo karatasi ya pembeni.

Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na mojawapo ni uuzaji wa jumla na rejareja, ukiacha supamaketi na vituo maalumu vichache. Mgeni akipatikana na hatia, faini haipungui shilingi milioni 10 au jela hadi miezi sita, na kibali chake cha kuishi kinafutwa. Raia aliyemsaidia naye ana fungu lake: milioni tano au miezi mitatu ndani. Na kelele za kutaka wageni waondoke madukani zilipigwa hapo hapo Kariakoo. Jirani yako wa mlango wa pili anaweza kuwa wa kwanza kwenda kusema.

Hata msipokamatwa, karatasi hiyo haimlindi yeyote. BRELA, wasajili wa kampuni, wanataka kumjua mmiliki manufaa, yaani yule anayefaidi kampuni kweli, awe ameandikwa kwenye hisa au hajaandikwa. Mahakama nayo haikusaidii kudai makubaliano mliyoyafanya ili kuikwepa sheria. Akikudhulumu huna pa kushtaki. Ukimdhulumu, naye hana. Hapo mtaanza kuviziana siku mzigo wa kwanza unapoingia stoo.

Kwa hiyo duka libaki lako kweli, siyo kwa jina tu. Yeye abaki Guangzhou akiwa muuzaji wako, kwa mkataba ulioandikwa na wakili, unaosema mali ni ya nani mpaka ilipwe na inalipwa siku ngapi baada ya kutoka bandarini. Kama ana hamu ya kuwekeza hapa nchini, aende TISEZA, mamlaka iliyorithi kazi za TIC mwaka 2025, aulize kuhusu kiwanda. Viwanda vidogo navyo vimo kwenye amri ile ile, basi aende na mtaji wa maana.

Sasa uaminifu. Unakumbuka makinikia? Mwaka 2017 serikali ilizuia makontena ya mchanga wa dhahabu ya Acacia, na kila upande ukawa na hesabu yake ya dhahabu iliyomo. Barrick, wamiliki wakuu wa Acacia, wakaja mezani, na baada ya mvutano wa zaidi ya miaka miwili ikazaliwa Twiga Minerals, serikali ikiwa na asilimia 16 na Barrick 84. Sidhani kama watu wale walianza kupendana. Walichopata ni kampuni moja yenye wakurugenzi wa pande zote mbili, wanaoletewa vitabu vile vile.

Kwako wewe kitabu hicho ni ankara. Unajua, na mimi najua, kwamba mizigo mingi ya Kariakoo hutembea na ankara mbili: ya kuonyesha TRA, yenye bei iliyoshushwa, na ya kweli iliyoko kwenye simu. Kataa. Mtu aliyezoea kuandika bei mbili kwa kontena moja hashindwi kuandika ya tatu kwa ajili yako, na siku mkigombana utathibitisha vipi deni lako ni kiasi gani? Kontena likifika, namba ya lakiri isomwe kabla haijakatwa, mbele ya mtu wako na mtu wake, ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye hati ya shehena. Katoni zihesabiwe zikishuka, zilizobonyea ziwekwe kando na kupigwa picha, wote wawili watie saini. Ni usumbufu wa mchana mmoja tu.

Mpwa hapana kaunta. Lakini usikasirike kwamba ameombwa. Barua yako nzima inauliza kama Mchina ni mwaminifu. Hujauliza yeye atajuaje kuwa wewe utamlipa. Wauzaji wangapi wa kule wamewahi kutoa mali kauli Kariakoo, kisha simu ikawa haipokelewi? Mpe anachokitafuta kwa njia nyingine: mhasibu aliyesajiliwa NBAA, mliyemchagua pamoja, afunge hesabu za mzigo wake kila mwisho wa mwezi na kuwatumia nyote ripoti moja, saa ile ile.

Andikeni pia mtaamuliwa wapi mkishindana. Hukumu ya mahakama ya Dar es Salaam si rahisi kuitekeleza China, lakini nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa New York wa 1958, hivyo tuzo ya msuluhishi inatambulika huku na kule. Wakili anayeelewa hayo utampata bila kuvuka Posta.

Anzeni na kontena moja, siyo matatu. Likilipwa lote kwa tarehe, ndipo la pili. Akigoma kwenye ankara moja, mwache. Guangzhou haina uhaba wa wauza hotpoti, na wateja wako hawamjui yeye, wanakujua wewe.