Kazi ya Kifaa Kisichokuwapo

Na Mwalimu wa Fizikia

"Mwalimu, haya tunayosoma juu ya joto na mgandamizo yatatufaa nini tukimaliza shule?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na kila mara nimelijibu kwa maneno. Leo nataka kulijibu kwa gari.

Kaka yangu mkubwa, akaaye Arusha, alinunua gari kuukuu la spoti aina ya Datsun 240Z. Wazee wetu walikumbuka vizuri gari hili la milango miwili na pua ndefu. Lilitolewa Japani mwaka 1969, na mwaka 1971 likashinda mashindano ya East African Safari, likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller. Mwaka 1973 lilishinda tena, safari hiyo likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,393. Bloku la injini ni la chuma, lakini kichwa chake ni cha aluminiamu. Likumbukeni jambo hilo la aluminiamu, maana tutalirudia.

Kaka hakulinunua kwa fahari tu. Mama yetu mzazi alikuwa ameahidiwa kupelekwa Tanga kwa gari hilo, akawaone ndugu zake ambao hajaonana nao kwa miaka mingi. Umri umemwendea, na joto la pwani halivumilii. Kwa hiyo kaka alifurahi kuona kwamba gari lilikuwa na kiyoyozi, ambacho mtu fulani alikifunga zamani. Lakini tulipofungua boneti tulikuta mapengo matupu. Rejeta ilikuwapo, ila kava la feni halikuwapo, mfuniko wa rejeta haukuwapo, wala thamostati. Kompresa ya kiyoyozi ilining'inia kwa bolti moja, bila mkanda. Chupa ya kukaushia ilikuwa imeng'olewa, na mabomba yalikuwa wazi, yakiingiza hewa na vumbi.

Kaka ni mtu wa haraka. Alitafuta mfuniko katika gari jingine, akaona umekaa vizuri mahali pake, akajaza maji ya bomba na kusema, "Tumemaliza." Tukashuka mpaka Moshi bila tabu. Wakati wa kurudi, tulipopita Usa River na kuanza kupanda, mshale wa joto ulipanda pamoja nasi. Kabla ya kufika Tengeru mvuke ulitoka chini ya boneti kama birika. Kaka alichukua kitambaa akataka kufungua mfuniko. Nilimshika mkono. Nitawaeleza sababu hivi punde.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi kwa fundi mmoja mzee. Nilimwuliza, "Fundi, ni vifaa gani vimepotea?" Alinitazama, akasema, "Mwalimu, usiniulize kifaa gani kimepotea. Niulize kazi gani haifanyiki." Nimelitafakari sana neno hilo, nalo ndilo kiini cha somo letu. Kifaa kisichokuwapo si pengo la kuzibwa tu. Ni kazi iliyokosa mfanyaji. Ukiijua kazi yenyewe, utajua kama waweza kutengeneza kingine badala yake, au ni lazima ukipate kilekile kwa vipimo vyake.

Tuanze na mfuniko wa rejeta. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Hiyo ni kazi ndogo. Kazi yake kubwa ni kushikilia mgandamizo. Mmesoma kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi yakiwa usawa wa bahari. Arusha iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,400, na hewa yake ni nyepesi zaidi, kwa hiyo maji huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi. Injini ikifanya kazi ngumu mlimani hufika joto hilo kwa urahisi. Lakini mfuniko wa gari hili una springi inayozuia mpaka mgandamizo uzidi ule wa hewa ya nje kwa kilo 0.9 juu ya kila sentimita ya mraba. Kwa mgandamizo huo, maji ya Arusha hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 116. Angalieni basi: springi ndogo inatuongezea zaidi ya nyuzi 20 za usalama!

Mfuniko alioupata kaka ulikaa vizuri, lakini springi yake ilikuwa imechoka. Ulijaza pengo, haukufanya kazi. Tena, hiyo ndiyo sababu haifai kufungua rejeta ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa. Ukifungua, mgandamizo huondoka ghafla, na mengi huchemka mara moja na kukurukia usoni. Ngojeni mpaka injini ipoe kabisa hata uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu.

Kifaa cha pili ni thamostati. Yaonekana mwenye gari wa zamani aliitoa akidhani kwamba injini itapoa zaidi. Kosa hili ni la kawaida sana. Thamostati ni mlango unaofunguka kwa joto. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa ili injini ipate joto lake upesi. Ikishapata joto, mlango hufunguka na maji huenda kwenye rejeta. Ya kawaida ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na ya nchi za joto kwenye nyuzi 76.5. Injini isiyo nayo huchelewa kupata joto, hula petroli nyingi, na vyuma vyake huchakaa upesi. Tena haiponyi ugonjwa wa kuchemka, kwa kuwa ugonjwa huo hutoka mahali pengine. Kifaa hiki hakitengenezwi kwa nyundo. Hapana budi kukinunua. Bahati njema ni kwamba injini za jamaa hii zilitumika pia katika magari mengine ya kampuni ile ile, kwa hiyo baadhi ya vipuri vyake hupatikana bado.

Kifaa cha tatu ni kava la feni, na hapa Fundi alitufurahisha. Kava ni kama shingo inayoizunguka feni nyuma ya rejeta. Lisipokuwapo, feni hunyonya hewa kutoka kokote ipatikanapo kwa urahisi: pembeni, juu, hata ile hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye injini. Sehemu kubwa ya rejeta hukaa bila upepo. Gari likienda kasi tambarare hutasikia tofauti, maana upepo wa mwendo wasaidia. Likipanda mlima polepole, au likisimama katika msongamano, tofauti huonekana. Sasa, kazi ya kava ni kuielekeza hewa tu, haina siri ya springi wala kipimo cha joto. Kwa hiyo Fundi alilikata kutoka bati, akaacha nafasi ya sentimita mbili na nusu hivi kati ya bati na ncha za feni ili zisigongane injini inapotikisika, na akalizungushia raba pale linapogusa rejeta. Akasema, "Mwalimu, kava la kiwandani ni zuri kwa macho. Hili ni zuri kwa maji."

Tulipofungua kichwa cha injini, tulipima uso wake kwa rula iliyonyooka. Aluminiamu hupanuka kwa joto kuliko chuma, na ikipita kiasi hupinda. Tulishukuru, kwa kuwa hakikupinda. Gasketi tu ndiyo iliyoharibika. Kama tungeendelea kupanda kwa maili chache zaidi, huenda safari ya Mama ingeishia pale Tengeru. Tuliweka gasketi mpya, na badala ya maji ya bomba peke yake tulijaza maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, ambayo huzuia kutu na pia hupandisha kiwango cha kuchemka. Dawa hiyo ni sumu. Isiachwe wazi watoto au wanyama wakainywa.

Ndipo tukaja kwenye kiyoyozi. Kaka alitaka tuanze nacho, lakini Fundi alikataa, na sababu yake ni ya kisayansi. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani ya gari na kulitoa nje. Kompresa huibana gesi mpaka iwe ya moto. Gesi hupita katika kondensa, ambayo husimama mbele ya rejeta, ikatoa joto na kugeuka maji. Kisha maji hayo hupita penye tundu jembamba, mgandamizo hushuka, nayo huchemka ndani ya evapareta yakinyonya joto la abiria. Basi hewa inayofika kwenye rejeta imekwisha kupashwa moto na kondensa. Rejeta iliyo mgonjwa ukiibebesha kiyoyozi, utaiua.

Kiegemeo cha kompresa Fundi alikitengeneza mwenyewe kwa chuma cha pembe, kwa sababu kazi yake ni kushika tu. Lakini aliweka rula iliyonyooka juu ya magurudumu ya mkanda ili yawe mstari mmoja, kwani yakipishana kidogo tu mkanda huliwa. Chupa ya kukaushia alikataa kuitengeneza, akakataa pia kuchukua ya gari jingine. Ndani yake mna chembe zinazofyonza unyevu, na chupa iliyokaa wazi imekwisha kushiba unyevu wa hewa. Unyevu ukibaki ndani huganda penye tundu jembamba na kuziba njia, tena ukichanganyika na gesi na mafuta huzaa asidi inayokula vyuma. Kwa hiyo chupa lazima iwe mpya, nayo hufungwa mwisho kabisa.

Baada ya kufunga mabomba na pete mpya za mpira, Fundi alitia pampu ya kunyonya hewa, akaiacha ifanye kazi kwa muda mrefu. Nilimwuliza kwa nini asubiri hivyo. Akasema, "Nakausha." Hebu fikirini! Anakausha maji bila moto. Katika rejeta tuliongeza mgandamizo ili maji yasichemke. Hapa tunaupunguza ili maji yaliyojificha yachemke kwa joto la kawaida la mchana, yageuke mvuke na kutolewa. Ni sheria moja, imetumiwa kwa kuigeuza.

Liko jambo moja zaidi, nalo latuhusu sote. Viyoyozi vya zamani vilitumia gesi iitwayo R-12, yenye klorini. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za namna hiyo zinaweza kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalifanya Mapatano ya Montreal ya kuzikomesha, na mwaka 1995 wanasayansi hao wawili, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa hiyo tuliligeuza gari litumie R-134a, ambayo haina klorini. Ilitubidi kubadili mafuta ya kompresa pia, kwa sababu mafuta ya zamani hayachanganyiki na gesi hii, na mipira, kwa sababu gesi hii hupenya mipira ya zamani kwa urahisi. Lakini nayo si malaika. Uzito wake ukilinganishwa na uzito sawa wa hewa ya ukaa, hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000. Ndiyo maana mwaka 2016, huko Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za jamaa hii hatua kwa hatua. Fundi wa kweli haiachii gesi hewani. Huikusanya kwa mashine yake.

Tulisafiri mwezi uliofuata. Mshale wa joto ulikaa katikati toka Arusha mpaka baharini. Tulipofika Mombo, ambako jua lilikuwa kali sana, Mama alipandisha kioo mwenyewe, akajifunika khanga mabegani, akasema, "Mwanangu, punguza baridi." Kaka alinitazama akacheka. Hakuna alama ya mtihani niliyopata kufurahia kama neno hilo.

Basi, wanafunzi, mkutanapo na kitu kilichopungukiwa, iwe gari, pampu ya kijiji au cherehani ya nyumbani, msikimbilie kuziba pengo. Ulizeni kwanza: hapa palikuwa na kazi gani?

Jaribuni wenyewe

1. Vuta maji yenye uvuguvugu mwingi, yasiyounguza, ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano, kiasi cha robo. Toa hewa yote, ziba tundu kwa kidole, kisha vuta mchi wake kwa nguvu. Unaona nini ndani ya maji? Eleza sababu.

2. Mtu wa Tanga na mtu wa Arusha wana magari sawa yasiyo na mifuniko mizuri ya rejeta. Maji ya nani yatachemka kwenye joto dogo zaidi? Kwa nini?

3. Katika vifaa vilivyotajwa, taja viwili vilivyoweza kutengenezwa na fundi na viwili visivyoweza. Ni nini kinachovitofautisha?