Mwalimu Mkuu na Ari ya Walimu Wake

Mwalimu mkuu hapangi mshahara wa mwalimu aliye chini yake. Kwa sababu hiyo wako wanaoshikilia kwamba hana cha kuwatia walimu ari ya kazi isipokuwa amri na daftari la mahudhurio. Sisi tunaozitembelea shule za Ruvuma wakati wa mazoezi ya kufundisha hatuafiki maoni hayo.

Mfano tunao karibu. Katika miaka ya 1960, wanakijiji wa Litowa, hapa Songea, walilima shamba la pamoja bila mnyapara. Mkutano wao wenyewe ndio uliopanga kazi na kuamua mgawo wa mapato. Hawakuwa matajiri. Hata hivyo walijenga shule, na chama chao cha maendeleo kikaunganisha vijiji 17 kabla hakijavunjwa na TANU mwezi Septemba 1969. Aliyeshika jembe asubuhi alijua kwa nini kazi ile ilipangwa siku ile, kwa kuwa alikuwapo ilipopangwa.

Ni kweli kwamba shule si kijiji cha ujamaa, na mtaala hautungwi katika kikao cha walimu. Lakini ugawaji wa vipindi, zamu na madarasa waweza kujadiliwa humo. Mwalimu mgeni akiambiwa mlangoni, "Wewe utachukua darasa la kwanza," hulipokea darasa hilo kama adhabu. Mwalimu mkuu akiiweka rasimu ya ratiba mezani, akaeleza kwamba watoto wanaoanza kusoma wanahitaji mwalimu mwenye subira, kisha akasikiliza hoja za wenzake, darasa ni lile lile ila mpokeaji si yule yule.

Jambo la pili ni heshima, nalo tunaliona kuwa zito zaidi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau. Katika migomo iliyofuata viwandani, Dar es Salaam hasa, wafanyakazi wengi walilalamikia matusi na ubabe wa mameneja, wala si mshahara peke yake. Shuleni ubabe huja kwa sauti ndogo: msimamizi anaingia darasani, anachukua chaki mkononi mwa mwalimu na kusahihisha mfano ubaoni mbele ya wanafunzi. Kosa limeondoka, na mwalimu ameondoka nalo. Yafaa aketi nyuma, aandike alichokiona, na baada ya kipindi amwite faraghani. Aanze na jambo moja jema, alitaje kwa jina lake: swali fulani, zana fulani, mtoto fulani aliyesaidiwa. "Umefanya vizuri" tupu haimfundishi mtu kitu.

Mvivu wa kweli naye yupo. Huyo aulizwe kwanza maswali mepesi: analala wapi, anakula nini, mshahara wake aufuata umbali gani. Baada ya majibu hayo ndipo barua ya onyo iandikwe, ikiwa bado inahitajika.