Neno "Tamu" na Neno "Sukari"

Kila mkatekumeni wa Kindu ajua kutaja vitu vitamu: muwa, asali, ndizi mbivu. Lakini mtu wa pwani akionja maji ya Lualaba, naye atasema ni matamu, ijapokuwa hayana sukari hata chembe. Maana yake si maji ya chumvi kama ya baharini. Mchuzi uliotiwa chumvi ya kutosha nao ni mtamu.

Waholanzi, na pamoja nao Waflama wa Ubelgiji, wana neno "zoet". Maji ya mto kwao ni "zoet water", sawasawa na kwetu. Mchuzi mzuri, la. Huo huuita "lekker", neno lenye asili ya kulamba. Tena humwita "zoet" mtoto mtulivu na mtii. Kiswahili hakisemi hivyo, na mfasiri afadhali asijaribu.

Katika kitabu cha Kutoka twasoma kwamba mana ilikuwa na ladha ya mkate wenye asali. Sukari haitajwi, kwa kuwa Waisraeli wa kale hawakuijua. Ilitengenezwa kwanza Bara Hindi, na jina lake la Kisanskriti, "sharkara", lilikuwa na maana ya changarawe, maana sukari ikikauka hufanya punje. Waajemi walilipokea neno hilo, kisha Waarabu wakasema "sukkar".

Kutoka kwa Waarabu neno lilishika njia mbili. Moja ilikwenda Ulaya, hata Wafaransa wakasema "sucre" na Waholanzi "suiker". Nyingine ilifika pwani ya Waswahili, ikaingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanya biashara, kina Tippu Tip wa Kasongo.

Njia hizo zote mbili zilikuwa na uchungu. Misafara ilitafuta pembe za ndovu na kuchukua watu. Na huko Pangani, pwani, mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa. Waholanzi nao walishika nchi ya sukari huko Brazil tangu 1630 hata 1654, na mwaka 1641 waliiteka Luanda ili wapate Waafrika wa kupeleka mashambani kule.

Vita vya 1892 hata 1894 viliivunja nguvu ya misafara katika Maniema. Neno lilibaki, na sokoni Kindu sukari hupimwa kwa jina lile lile.